Kikombe Mguuni mwa Uyoga

Hapo zamani, zamani zile za kale wanyama walipokuwa na nyua za kufagia, vyungu vya kusugua na wakwe wa kuwaogopa, palikuwa na mji mmoja katikati ya pori la miombo. Sogeeni mnisikie. Na wewe unayetafuna muhindi, tafuna polepole, maana hadithi hii ni ya njaa na sitaki kelele za mdomo.

Mji ule ulikuwa wa Mtemi Nyati. Mtemi alikuwa na shingo nene, pembe pana, na masikio ya kupambia kichwa tu, kwa sababu sijasikia siku hata moja yakitumika. Msaidizi wake alikuwa Bwana Ngiri, yule mwenye meno yaliyotoka nje na mdomo usiopumzika. Yeye ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu Mtemi amesema nini, hata siku ambazo Mtemi hakusema kitu.

Pembezoni kabisa mwa mji, kwenye kibanda cha nyasi, aliishi Mama Kalunde. Huyu alikuwa njule. Mnamjua njule? Ni kale kamnyama kadogo kama panya, kenye miguu myembamba na mbio za ajabu, na pua ndefu inayochezacheza kama mkonga wa tembo aliyesahau kukua. Alikuwa mjane. Alibaki na mtoto mmoja tu, binti yake Kalunde, na nikisema mmoja tu nataka mnielewe. Hakuwa na mwingine, wala hakuwa na mama, wala dada, wala jirani wa kumwachia.

Sasa sikilizeni desturi ya mji ule, maana ndiyo iliyoleta balaa lote.

Kila mwaka mvua za kwanza zikinyesha, maghala yamekwisha na mahindi shambani hayajafika hata magotini. Kinachoota wakati huo ni uyoga. Uyoga mwingine ni chakula na uyoga mwingine ni kifo, na wakubwa wa mji hawakujua kutofautisha. Wangejuaje? Nyati akitazama chini kutoka kule juu aliko anaona kofia tu. Kofia nyeupe, kofia ya kahawia, basi. Kuinama hawezi, na angeweza pia asingetaka.

Kwa hiyo waliweka mwonjaji. Alichaguliwa mmoja kutoka nyumba za wadogo, akaletwa uwanjani asubuhi jua linapochomoza, akala uyoga mmoja kutoka kwenye tenga mbele ya watu wote. Halafu alikaa chini ya nguzo ya uwanjani mpaka kivuli cha nguzo kipungue, kipungue, kiishe kabisa. Akifika saa sita mchana akiwa mzima, ngoma ilipigwa, ndu, ndu, ndu, na watu wakapika. Akianguka, tenga lilimwagwa na jamaa zake wakaitwa kumchukua. Na mkubwa wa nyumba akikataa kuonja, alionja mdogo wa nyumba.

Mwaka uliotangulia alionja Baba Kalunde. Kivuli hakikufika hata nusu.

Basi mvua za mwaka huo zikaja, na siku ya tatu Bwana Ngiri akafika kwenye kibanda.

"Hodi humu," alisema, akiwa ameshaingia.

"Karibu, Bwana Ngiri. Shikamoo."

"Marahaba. Mama Kalunde, kesho mwonjaji anatoka nyumba hii."

Mama Kalunde alikuwa anafagia. Akasimama na ufagio mkononi.

"Si mwaka jana ilikuwa nyumba hii hii?"

"Mwaka jana alionja baba. Wewe ni mama. Ni watu wawili hao."

"Na nyumba nyingine za wadogo?"

"Kina Panya wamehama. Kina Kirukanjia wamekwisha. Sasa unataka Mtemi aonje mwenyewe?" Bwana Ngiri akacheka sana kwa maneno yake, kisha akamtazama Kalunde aliyekuwa amejikunyata pembeni mwa mafiga. "Ukiona uzito, mama, yupo huyu."

"Nitaonja mimi," alisema Mama Kalunde haraka.

"Vizuri. Tenga limeshajaa. Uyoga mweupe, mzuri, nimeuchuma mwenyewe kule bondeni chini ya miombo mikubwa."

Alipoondoka, Kalunde akaanza maswali. Mtoto yule alikuwa na maswali, na alikuwa na ugonjwa mwingine mbaya zaidi: hakuweza kuficha kitu. Wiki moja kabla yake alikuwa amemwambia Bi Ngiri, mkewe Bwana Ngiri, uso kwa uso, kwamba nyumbani kwao mumewe anaitwa Kichwa Tenga. Mama Kalunde alikaa siku mbili bila kupita njia ile.

"Mama, utakufa kama baba?"

"Chukua kijiti, twende bondeni," mama alimjibu.

Walikwenda. Chini ya miombo walikuta mahali Bwana Ngiri alipochuma. Kwa kweli hakuchuma, alivunja. Alipita na pua yake nzito akikata shina juu ya udongo, kofia zikaingia tengani, miguu ya uyoga ikabaki ardhini. Mama Kalunde alichimba taratibu kwa kijiti kuzunguka mguu mmoja, akapuliza udongo.

"Njoo utazame. Nilikufundisha nini?"

"Uyoga hutazamwa mguuni," alisema Kalunde.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kofia zinafanana."

"Sasa hapa mguuni unaona nini?"

Kalunde aliinama mpaka kapua kake kakagusa udongo. Chini ya shina palikuwa na kitu cheupe, laini, kama ganda la yai lililopasuliwa, na shina limesimama ndani yake.

"Kikombe," alisema. Kisha sauti yake ikawa ndogo. "Mama, wenye kikombe ni mbaya."

"Ndiyo. Na huyu mweupe ni mbaya kuliko wote, kwa sababu hana haraka. Bibi yangu alinionyesha. Ukimla asubuhi, mchana unacheza, jioni unaimba. Anakaa tumboni kimya kama mgeni mstaarabu. Kesho yake ndipo anaanza kazi, na siku ya tatu hakuna wa kumuuliza kitu."

Mama Kalunde alichimba mguu mwingine, na mwingine, na mwingine. Vikombe vilikuwa vimejaa bonde zima. Alihesabu mpaka akaacha.

Mnaona alivyokwama? Akila, atafika saa sita mchana akiwa mzima, ngoma itapigwa, mji mzima utakula, na siku ya tatu watakufa wote yeye akiwa wa kwanza. Akikataa, atalishwa Kalunde. Akikimbia, ataenda wapi na mtoto mwenye njaa, wakati nje ya mji kuna chui asiyejali desturi ya mtu?

Aliamua kusema kweli. Watu waliokata tamaa hujaribu hata hiyo.

Alimkuta Mtemi Nyati amelala ubavu uani kwake, akipepewa. Bwana Ngiri alikuwa hapo, angekuwa wapi kwingine?

"Shikamoo, Mtemi. Uyoga ule wa tengani ni sumu. Nimetoka kuangalia miguu yake. Ina vikombe."

"Vikombe?" Mtemi alifungua jicho moja. "Uyoga unakunywa chai?"

Bwana Ngiri alicheka mpaka akajigaragaza.

"Sina utani, Mtemi. Na saa sita haitoshi. Uyoga huu unaua siku ya tatu. Mwonjaji atakaa chini ya nguzo mzima kabisa, na ninyi mtakula. Njooni bondeni niwaonyeshe. Mkijua kutazama mguuni, hamtahitaji mwonjaji tena. Hakuna wa kufa."

"Yaani niende bondeni, niiname, nitazame matope?"

"Mara moja tu, Mtemi."

"Mtemi hainami."

Bwana Ngiri akasogea. "Mtemi, mimi nawajua hawa wadogo. Anataka tumwage tenga. Tukishamwaga, usiku watakuja na watoto wao kuokota, washibe wao, sisi tulale na njaa."

Mtemi akafikiri. Ilimchukua muda. Tumbo lake likanguruma ngurrr, na nadhani ndilo lililotoa hukumu.

"Uyoga haujulikani kwa kutazamwa," alisema. "Unajulikana kwa kuliwa. Kesho jua likichomoza uwe uwanjani. Au mlete mtoto."

Mama Kalunde aliaga kwa adabu, akarudi. Njiani alilia, lakini alilia akitembea, kwa sababu alikuwa na kazi.

Alikwenda kwenye kichuguu cha nyuma ya kibanda. Kichuguu huota uyoga wake wenyewe, nao ni mzuri. Kofia yake nyeupe hivyo hivyo, ila mguu wake ni mrefu, umezama mpaka ndani kwenye nyumba ya mchwa, na hauna kikombe. Mwaka huo mvua ilikuwa chache. Alipekua kichuguu kizima akapata uyoga mmoja. Mmoja tu. Akaukata mguu ili ufanane na ule wa tengani, akauficha kwenye upindo wa kanga.

Jioni ile Kalunde alisema, "Mama, kuna chochote?"

"Hakuna kitu, mwanangu. Kunywa maji."

Mtoto alikunywa maji akalala, na mama yake alikaa karibu naye na chakula kile kimefungwa kiunoni. Hakumwambia. Angemwambiaje mtoto aliyemwambia Bi Ngiri habari ya Kichwa Tenga? Neno moja tu likitoka, wote wawili wamekwisha.

Asubuhi alimfunika vizuri.

"Kaa ndani. Usifungue mlango mpaka nirudi."

"Utakula ule wenye kikombe?"

"Nitakula."

"Basi utakufa."

"Sitakufa."

"Unajuaje?"

"Kwa sababu mimi mama yako nimesema."

Lilikuwa jibu baya. Nimeisimulia hadithi hii miaka mingi na kila nikifika hapo natamani angejibu jingine.

Uwanjani watu walikuwa wamejaa. Mtemi alikaa kwenye kigoda chake, na Bwana Ngiri alisimama na tenga. Nyuma walikuwa akina mama na vyungu tayari, maji yanachemka, na Bi Ngiri alikuwa na watoto wake sita wamemshika nguo. Wote walikuwa wamekonda. Njaa ilikuwa ya kweli, nisije nikawasingizia.

"Fungua viganja," alisema Bwana Ngiri.

Mama Kalunde akafungua. Havikuwa na kitu.

"Chagua."

Akachukua uyoga mmoja mweupe kutoka tengani, akauinua juu watu wauone. Pua yake ndefu ikaanza kuchezacheza. Ikacheza kushoto, ikacheza kulia.

"Samahani, Mtemi, vumbi la tenga hili..."

"Kula!"

"Nakula, Mtemi. Ah... ah... hapchyaaa!"

Chafya ya njule si ya kawaida. Kwa pua ile, inatoka kama mvua. Bwana Ngiri aliruka nyuma akijifuta uso, Mtemi akageuza kichwa, akina mama wakafumba macho. Mama Kalunde aliinama mpaka chini, akajifunika kanga, akajipangusa pua, fyu, fyu. Alipoinuka alikuwa na uyoga mweupe mkononi vilevile, ila huu ulitoka kwenye kichuguu.

"Umeupaka kamasi," alisema Bwana Ngiri kwa kinyaa.

"Nibadilishe?"

"Kula huo huo. Nani atakubali urudishe mkono huo tengani?"

Akala. Alitafuna polepole, akameza, akafungua kinywa wakatazama. Kisha akaenda kukaa chini ya nguzo.

Kumdanganya Nyati na Ngiri kulichukua chafya moja. Kukaa kwenye nguzo ile ndiko kulikokuwa kugumu. Kivuli kilipungua taratibu mno. Mama Kalunde alitazama watoto wa Bi Ngiri wakichungulia vyungu. Mara mbili alifungua mdomo.

"Mtemi," alisema mara ya kwanza, "nilichokuambia jana bado ni kweli."

"Umekula na umekaa. Nyamaza."

Mara ya pili alimwita Bwana Ngiri. "Msile leo. Subirini siku tatu, mtazame."

"Siku tatu!" Bwana Ngiri alisema. "Unaona Mtemi? Nilikuambia wanautaka wenyewe."

Akanyamaza. Alijiambia kwamba amesema mara tatu na hajasikilizwa. Alijiambia kwamba ngoma ikilia atakwenda nyumbani, atamchukua Kalunde, wataondoka kabla ya siku ya tatu. Alipanga hata cha kubeba, kachungu kale kadogo na kanga ya pili. Kivuli kikaingia mguuni mwa nguzo, kikaisha.

Ndu, ndu, ndu!

Watu wakapiga vigelegele. Uyoga ukamwagwa kwenye maji ya moto, chwaaa. Mama Kalunde akainuka aondoke, lakini walimzuia. Mwonjaji aliyepona ni wa kushukuriwa. Wakampaka mafuta kichwani, wakamzunguka wakicheza, kila mmoja akataka kumshika mkono. Miaka mingi hawakupata mwonjaji aliyepona kwenye tenga la kwanza. Alicheza nao huku akitazama njia ya nyumbani. Walipomwachia, jua lilikuwa limeshapinda.

Alikimbia. Njule akikimbia humwoni, unaona majani yakitikisika tu.

Akiwa bado njiani harufu ilimfikia. Ilikuwa harufu nzuri, ya uyoga uliochomwa kwenye makaa. Mlango ulikuwa wazi. Kalunde alikuwa amekaa kando ya mafiga, mdomo mweusi kwa masizi, anacheka.

"Mama! Niliisikia ngoma!"

"Umekula nini?"

"Usinigombeze kwanza. Nilitoka, ni kweli. Sikuweza kukaa. Nilienda bondeni nikapate kujua kama utakufa. Nikachimba mmoja na mguu wake, vizuri, kama ulivyonionyesha. Ulikuwa na kikombe. Nikalia, mama. Nilikaa pale nalia mpaka macho yakaniuma, nikijua umekwisha." Akapangusa mdomo. "Halafu ngoma ikalia. Ndu, ndu, ndu! Nikasema, kumbe mama amekula na ni mzima. Kumbe nilisoma vibaya. Nikachimba na mingine miwili nikaja kuchoma. Nimekuwekea mmoja."

Akafunua jani. Uyoga ulikuwa mzima, kofia, shina na mguu. Kikombe kilikuwa wazi, hata Nyati angekiona.

Mama Kalunde hakupiga kelele. Alimshika mtoto, akachota majivu akayakoroga na maji, akamnywesha kwa nguvu, akamtia kidole kooni. Kalunde alitapika na kulia na kuuliza amekosa nini. Sehemu ilitoka. Mama aliangalia alichotapika, akakipekua kwa kijiti, akaona ni kidogo.

"Umekula muda gani uliopita?"

"Ngoma ilipolia tu. Sasa hivi sina njaa kabisa, mama."

Alimbeba mgongoni akarudi uwanjani mbio. Huko watu walikuwa wamekaa kwenye mikeka, vyungu vimefunguliwa, midomo inang'aa.

"Acheni kula!" alisema Mama Kalunde. "Ni sumu. Mimi sikuula. Niliubadilisha nilipopiga chafya. Nilikula wa kichuguu. Nani anajua dawa? Mtoto wangu amekula."

Watu walitazamana. Bwana Ngiri akalamba vidole.

"Tulikuona ukila."

"Mliona kanga. Mliona kamasi. Hamkuona uyoga."

"Sasa unasema ulitudanganya?"

"Ndiyo, niliwadanganya. Nisaidieni."

"Mtemi," alisema Bwana Ngiri, "sasa nimeelewa. Ameona chungu ni kizuri, amerudi na mtoto, anataka tukimbie tuwaachie."

Mtemi Nyati alicheka mdomo umejaa. Wakacheka wote, kwa sababu Mtemi amecheka. Wakaendelea kula.

Ni mmoja tu hakucheka. Bi Ngiri alikuwa ameinua kijiko cha kwanza apeleke kwa mtoto wake wa mwisho. Alimtazama Mama Kalunde usoni, hakumsikiliza maneno, alimtazama usoni tu. Akashusha kijiko. Akapiga teke bakuli la watoto wake, likamwagika lote mchangani, watoto wakaanza kulia njaa.

"Umefanya nini, mwanamke?" alifoka mumewe.

"Nimemwaga," alisema Bi Ngiri.

Jioni ile Kalunde alicheza. Kesho yake asubuhi aliamka ameshika tumbo. Mchana alipata nafuu, akaomba hadithi, akaomba maji, na mama yake kwa kitambo kidogo akaanza kutumaini. Uyoga ule ndivyo ulivyo, hukupa nafuu ya uongo kabla ya kumaliza. Mjini nako sauti za kuugua zilikuwa zimeanza, nyumba moja, kisha nyumba nyingine, na kutoka uani kwa Mtemi ilisikika sauti nzito kuliko zote.

"Mama," alisema Kalunde, "nilisoma vibaya?"

"Hapana, mwanangu. Ulisoma vizuri sana. Hata bibi yangu asingesoma vizuri kuliko wewe."

"Sasa mbona wewe ulikula na hukuugua?"

"Sikula. Nilidanganya."

Kalunde alifikiri, macho yamefumba.

"Ulimdanganya Mtemi?"

"Ndiyo."

"Na Bwana Ngiri?"

"Naye."

"Na mimi?"

Mama Kalunde alikuwa na akili nyingi, mmeiona wenyewe, lakini hapo hakupata pa kupitia.

"Na wewe," alisema.

"Ungeniambia," alisema Kalunde. "Nisingemwambia mtu." Kisha akakumbuka, akatabasamu kidogo. "Labda ningemwambia Bi Ngiri."

Siku ya tatu mji wa Mtemi Nyati ulikuwa kimya. Waliobaki ni Bi Ngiri na watoto wake sita, na wachache ambao chungu kiliisha kabla hawajafikiwa. Walimzika Mtemi, wakamzika Bwana Ngiri, wakazika wengi. Mama Kalunde alimzika mmoja, nyuma ya kibanda, karibu na kichuguu. Bi Ngiri alikuja kumsaidia kuchimba. Walipomaliza, Bi Ngiri alimwomba jambo moja, amfundishe kutazama mguuni. Mama Kalunde alimpeleka bondeni na wale watoto sita, akawaonyesha, akapiga magoti, nao wakapiga magoti. Ndiyo maana mpaka leo ngiri hula na magoti chini.

Na njule? Njule hakukaa tena mjini. Mpaka leo utamwona porini peke yake, ametia ile pua ndefu chini ya majani makavu, ananusa shina moja baada ya jingine, haraka haraka, kama mtu anayetafuta kitu alichokiona jana. Ukimkaribia anakimbia. Msimkimbize.

Hadithi yangu nimeiweka hapo, na aliyekuwa anatafuna muhindi naona ameacha. Mafunzo yake ni haya: ukiudanganya mji mzima, mtoto wako naye ni wa mji huo.